Kiti cha Obonyo

Alhamisi hiyo Lindi, kule Kibera, iliamka kama kawaida yake: foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji, redio tatu zikitoa mahubiri matatu, na Nereah akisugua mafuta kwenye meza yake ya samaki kabla ya kuifunika kwa turubai. Alikuwa anasafiri. Hilo peke yake lilitosha kuwakusanya majirani.

"Mama Audrey, ati vekesheni? Umeomoka lini, ukapata pesa, na hujatuambia?"

"Shemeji ndiye ameomoka. Mimi nimebebwa nikapike chapati."

Walicheka, naye akacheka nao, kwa sababu ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa imekaa kitandani nyuma ya pazia, macho mekundu kama pilipili. Audrey, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na saba. Alibakisha miezi mitatu afanye mtihani wa kidato cha nne, na hakuwa amelala usingizi wa maana tangu Pasaka. Kila kukipambazuka mtu alimwita mlangoni. "Audi." Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo, na mtu huyo, baba yake, alikuwa na miaka mitatu tangu azikwe.

Mwanzoni Audrey alijifunika blanketi. Baadaye akaanza kuamka na kufungua. Mwezi wa sita walimkuta asubuhi kweupe katikati ya magugu ya Nairobi Dam, maji yamemfika kiunoni, akiongea kwa upole na mtu ambaye wao hawakumwona. Daktari alisema ni mawazo ya mtihani. Pasta alisema familia ifunge siku saba. Nereah alimeza ushauri wote, wa daktari na wa pasta, kwa sababu mama mwenye hofu hana maringo. Siku ya nane alimkuta binti yake amesimama ameshika komeo, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele. Komeo lilikuwa bado limefungwa.

Hapo ndipo alipompigia simu mama mkwe wake, kijijini Ugenya. Ajuza hakushangaa hata kidogo.

"Mlizika yago," alisema.

Ilikuwa kweli. Obonyo, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikwenda kaskazini, kwenye Bwawa la Lomukat, kurekebisha wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie kwenye mitambo ya umeme. Maji yakamchukua, na mwili haukuonekana. Watu wa kwao wana njia ya kumzika mtu wa namna hiyo: hutafuta tunda la mti wa yago, refu na zito kama paja la mtu mzima, hulivisha sanda, hulilaza kwenye jeneza na kulililia kama mtu. Lakini kabla ya hapo lazima mtu wa nyumbani aende pale maji yalipomchukua marehemu, amwite kwa jina, amwambie twende nyumbani, na kwenye gari amwachie kiti chake. Aliyepaswa kwenda ni Jeconia, kaka mkubwa. Jeconia akasema yeye ameokoka. Akasema habari zilimkuta kwenye duka lake la hadiwea Kawangware, kwamba huko ni mbali, na kwamba roho haipandi gari. Tunda likazikwa peke yake. Jeconia ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mwanangu bado amekaa huko anangoja," ajuza aliendelea. "Na kwa kuwa hamkwenda kumchukua, anamwita yule anayemsikia. Nenda, nyathina, binti yangu, kabla hajamvuta huyo mtoto."

"Na tukishamchukua, Mama?"

"Msigeuke nyuma. Msizungumze naye. Mje moja kwa moja mpaka hapa kaburini. Na kile kiti, asikikalie mtu."

Bahati, kama hilo ni neno la kutumia, ilitoka kwa Rachael, mke wa Jeconia. Kila Agosti familia ya Jeconia ilikwenda mahali penye mandhari ya kupigia picha, na mwaka huo Rachael alikuwa ameona picha za rafiki yake amesimama juu ya ukuta wa Lomukat, ziwa la kijani mgongoni na jangwa pande zote. Jeconia alipinga. Akataja joto, barabara, nyoka. Alipinga sana kwa mtu anayejisifu kwamba haogopi kitu. Lakini Rachael alikuwa ameshatangaza kwenye grupu ya kanisa, na kwa mzee wa kanisa kama Jeconia, kutangaza kisha kurudi nyuma ni aibu inayouma kuliko nyoka. Nereah alipoomba nafasi mbili, yake na ya Audrey, Jeconia alitafuta sababu, akakosa. "Sawa, Mama Audrey," alisema hatimaye. "Lakini tusiende kulialia huko. Ni vekesheni."

Nereah alimwomba pia apitie Ugenya wakati wa kurudi. Akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali ili simu ikatike.

Gari lilikuwa Noah la viti saba, la kukodi, likiendeshwa na kijana wa Kawangware aitwaye Austin. Jeconia alikaa mbele. Rachael na binti yake mdogo, Valary, wakakaa kati. Nereah na Audrey nyuma, na kiti kimoja pembeni mwa dirisha kikabaki wazi. Nereah alimlipa Austin nauli ya kiti hicho kwa siri. Austin hakuuliza. Mama yake alitoka Bondo, jirani na Ugenya, alijua mila hiyo.

Walilala Kitale. Ijumaa alasiri wakafika Lomukat.

Ni mahali pasipo na huruma. Mawe meusi, miiba, jua lililokaa kichwani kama karai la moto. Halafu, ghafla, maji. Maji mengi kiasi cha kukera, kwa mtu anayepanga foleni kwa mtungi mmoja. Yalikuwa yamelala katikati ya milima miwili, yamezuiwa na ukuta mmoja wa saruji uliopinda kama mgongo wa mgonjwa. Chini yake mitambo ilinguruma ikitengeneza umeme. Juu yake hakukuwa na hata ndege.

Getini, mlinzi aliwapa daftari waandike jina na simu. Jeconia alilisukuma kando upesi. "Andika wewe, Mama Audrey. Mimi mwandiko wangu mbaya." Nereah akaandika: Nereah, watu sita, na namba yake ya simu. Mlinzi alikuwa mzee mwembamba, jina lake Lopeyok. Hakuliangalia daftari. Alikuwa anamwangalia Jeconia.

Aliwafuata polepole mpaka juu ya ukuta. Rachael alikuwa ameshaanza kupiga picha.

"Mzee wa kamba," Lopeyok alisema. "Kumbe ulirudi."

"Umenifananisha," Jeconia akajibu bila kugeuka.

"Sijakufananisha. Yule fundi alishuka hapa, kamba kiunoni. Kamba ulishika wewe. Akivuta mara mbili, umtoe. Sasa wewe ukaifunga kwa hii chuma, ukaenda kivulini na simu. Mimi nilikuwa juu kule. Niliona kamba inacheza. Ikacheza, ikacheza. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha." Alitema mate pembeni. "Ulipokuja, ilikuwa imelala."

Rachael alishusha simu. "Baba Valary. Si ulisema ulikuwa dukani?"

"Shetani ni mwongo."

"Sijauliza Shetani. Nimekuuliza wewe."

Jeconia aliangalia viatu vyake. Nereah alimwangalia yeye. Alikumbuka mikono hiyo juu ya jeneza, ikilipapasa tunda, na ile sauti: ndugu yangu, ndugu yangu, ungeniita ningekuja. Alitamani kumsukuma. Tamaa hiyo ilimjia safi kabisa, bila hasira, kama kiu. Ukuta ulikuwa na ukingo wa chuma uliofika kiunoni tu.

Kilichomzuia ni Audrey. Audrey alikuwa ameegemea ukingo, anayatabasamia maji.

"Mum," alinong'ona. "Anasema mbona mmechelewa."

Basi hapakuwa na muda wa kushughulika na walio hai. Nereah alimvuta binti yake kando, akaweka mikono juu ya chuma kilichochoma, akainama.

"Obonyo. Obonyo wuod Ugenya, mwana wa Ugenya. Ni mimi, Nereah. Muache mtoto. Twende nyumbani."

Maji hayakutikisika.

Akaita tena.

Mara chuma kikatikisika chini ya viganja vyake. Mara moja. Kikatulia. Mara ya pili.

Audrey alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Ameacha kuniita," alisema. Na pale kwenye saruji, iliyokuwa na moto wa kukaanga yai, ukaonekana unyevu wa unyayo mmoja. Halafu wa pili. Nyayo zilielekea kwenye gari. Jua lilizikausha moja baada ya nyingine, na kila ilipokauka moja, mbele yake palikuwa na nyingine mbichi.

"Tembea," Nereah alinong'ona. "Usigeuke."

Waliingia nyuma. Nereah hakukiangalia kile kiti. Lakini alisikia. Springi zililia, gari likainama upande mmoja, na Austin aliyekuwa amelalia usukani akainua kichwa.

"Nani ameingia?"

"Washa gari, Austin."

Hapo ndipo Jeconia alipofika, uso umemwiva, Rachael na Valary wakimfuata nyuma. Mwanamume aliyevuliwa nguo mbele ya mkewe hutafuta mtu wa kumfokea, na Jeconia akampata. Alifungua mlango. Akaona kiti kitupu, na mkono wa Nereah umenyooshwa mbele yake kukilinda.

"Ahaa. Kwa hivyo hii ndiyo mlifuata huku. Uchawi. Kwa gari ambayo nimelipa mimi?"

"Shemeji, kaa mbele. Nakuomba. Nitasahau yote niliyosikia, lakini usikae hapa."

"Usahau nini? Mnaamini mlevi wa getini? Nani amekaa hapa? Mimi sioni mtu."

"Jeconia, toka hapo!" Rachael alisema.

"Kama yupo," Jeconia akasema, akiinama kuingia, "asonge."

Akakaa.

Hakuna kilichotokea. Nereah alingoja apige kelele, azimie, atokwe na povu. Hakuna. Jeconia aliweka mikono magotini. Akatazama mbele. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Lakini Jeconia ni mtu wa kuongea. Aliongea mazikoni, aliongea kwenye lifti, aliongea na simu iliyokatika. Sasa alikuwa kimya. Kilomita kumi, kimya. Kilomita hamsini. Valary mdogo aligeuka kumpa biskuti. Akamtazama baba yake usoni kwa muda. Kisha akageuka mbele, akairudisha biskuti kwenye pakiti, na hakugeuka tena.

Baridi ilianza kutoka upande huo. Nje watu walikuwa wamekaa chini ya miti wakipepea. Ndani, Nereah alihisi bega lake likifa ganzi pale lilipogusana na la shemeji yake. Shati la Jeconia lilikuwa limelowa. Si jasho. Jasho lina joto.

Kitale, kwenye njia panda, Austin alipunguza mwendo. "Mzee, tushike ya Bungoma tupitie Ugenya, ama tushike ya Eldoret?"

"Nairobi."

Nereah alifumba macho. Sauti ilikuwa ya chini, nzito, ya mtu aliyezoea kuongea nyuma ya miwani ya fundi. Alikuwa ameisikia kwa miaka kumi na sita, gizani, karibu na sikio lake.

"Si tuliambia shosho, yule bibi, tunapitia?" Austin aliuliza.

"Ugenya siendi," ile sauti ikasema. "Huko kwangu amelala mwingine."

Rachael alidhani mumewe anawakomoa. Audrey alikuwa ameanza kusinzia. Ni Nereah tu aliyeelewa. Walimtafutia mtu kaburi kisha wakalipangisha kwa tunda. Sasa mwenye nyumba amekuja, hana pa kuingia. Ajuza alisema asizungumze naye. Hakuzungumza. Alikaa bega kwa bega na mumewe kutoka Kitale mpaka Nairobi, na hakumwambia hata pole.

Walifika Kibera kukiwa kumekucha. Jeconia alishuka wa kwanza.

"Mzee, hapa si kwako," Austin alisema. "Bado Kawangware."

Hakusikia, au hakujali. Alishika njia ya Lindi kwa hatua za mtu anayekwenda kwake. Jeconia hakuwa amekanyaga huko tangu mazishi. Alisema harufu ya mitaro inamsumbua kifua. Sasa aliruka mtaro palepale panaporukika. Alikata kona kwa kinyozi bila kuinua macho. Mahali fulani alisimama mbele ya ukuta wa mabati, akaupapasa kwa kiganja, akashangaa. Hapo palikuwa na njia. Ilizibwa mwaka jana.

Audrey alimpita, akafungua mlango. "Karibu, Baba," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtoto aliyerudi shule. Akapanda kitandani na viatu, akalala. Alikoroma. Nereah alisimama akiusikiliza mkoromo huo na machozi yakamtoka. Hakuwa ameusikia kwa miezi minne.

Yule mwanamume alikaa kwenye stuli, mgongo ukutani. Nereah alimpa ugali uliobaki. Akala. Akampa samaki wawili waliokuwa wametiwa chumvi. Akala na miiba. Akampa mkate. Alikula bila kuinua uso, bila kuuliza mtoto yuko kidato gani, bila kumwambia mkewe umekonda. Nereah aliyatafuta macho yake mara tatu. Alikuwa ameomba mume. Alikuwa ameletewa mgeni mwenye njaa.

Simu yake ikalia. Namba mpya.

"Mama Nereah? Ni Lopeyok wa getini. Nyinyi mliondoka wangapi jana?"

"Sita. Kama tulivyoingia."

"Basi sijui." Mzee alishusha sauti. "Kuna mmoja wenu hapa. Amekaa juu ya ukuta tangu mwondoke. Nikimfikia, hakuna mtu, saruji imelowa tu. Nikirudi getini, naye amerudi. Ananiita. Anasema ni mzee wa kanisa, anaitwa Jeconia. Anauliza gari litarudi saa ngapi."

Nereah aliinua macho. Mlangoni alikuwa amesimama Rachael, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Alikuwa amekuja mbio.

"Mama Audrey, bwana yangu ana nini? Nimemwita jina njia yote. Hageuki."

Mwanamume wa kwenye stuli alilamba vidole.

Nereah alijua la kufanya. Alikuwa amelifanya jana tu. Mtu huenda, huita, huacha kiti. Lakini Jeconia, wa kule, hawezi kurudi mwilini mwake bila Obonyo, wa hapa, kuondoka. Na wa hapa aende wapi? Ugenya pamejaa. Atarudi majini. Na siku ya pili yake, kukipambazuka, ataanza tena kumwita anayemsikia. Nereah aliangalia kitandani. Audrey alikuwa amelala mdomo wazi, mkono umening'inia, kama mtoto mchanga.

Halafu akamwangalia Rachael. Rachael hakuwa ameshika kamba yoyote.

"Mama?" Lopeyok aliuliza. "Nimwambie nini?"

"Mwambie gari limejaa," Nereah alisema, akakata simu.

"Ni nani huyo?" Rachael akauliza.

"Mteja. Anataka samaki, na samaki wameisha."

Jioni hiyo Rachael alimchukua mumewe Kawangware, akimshika mkono kama kipofu, naye akaenda. Nyumba zote zilikuwa sawa kwake maadamu zina chakula. Kanisani wanasema ni kiharusi kidogo. Duka analifungua Rachael sasa. Mzee hukaa kwenye benchi nje, hajui bei ya msumari. Audrey alifanya mtihani wake Novemba, akapita vizuri, na hakuna mtu aliyemwita tena alfajiri. Nereah huwaambia majirani kwamba ni maombi. Majirani husema amina.

Ila Austin alimletea Rachael kile kiti. Mwenye gari alikataa kukaa nacho: alibadilisha kitambaa mara mbili, akabadilisha sponji, na bado abiria walishuka suruali zimelowa. Rachael alikiweka kwenye baraza ya duka pale karibu na stendi ya matatu za 56, penye jua la kutwa, kikauke. Januari yote haikunyesha hata tone. Kiti kinadondosha. Amekiwekea beseni chini, na kila asubuhi beseni limejaa mpaka ukingoni, maji baridi, safi, ya kijani kidogo. Wanawake wa ploti, majirani zake, humwambia amwage hayo maji mtaroni, yataleta mbu.

Hamwagi. Anayahifadhi kwenye mitungi, mmoja nyuma ya mwingine, amefunga vifuniko. Anasema akiyamwaga hajui atakuwa amemmwaga yupi kati yao, mumewe au shemeji yake.